Alitufundisha Monoksaidi, Tukalala na Jiko

Wiki iliyopita tulimzika hapa Karatu mwalimu mstaafu wa kemia ambaye mji mzima ulimwita Kaboni, hata wajukuu zake. Habari ilinikuta kwa fundi viatu. Aliyeileta alisema tu, "Kaboni katutoka, mzee. Ni moyo." Nilisikitika, kisha nikajikuta natabasamu, maana nilijua kabla ya jua kuzama mtu angetuandikia kwenye kundi letu la mtaa kwamba ni infaksheni ya mayokadiamu, na wengine wangejibu "poleni sana" bila kuuliza hiyo ni nini. Ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo tulivyo, na kwa sehemu kubwa ndivyo yeye alivyotulea.

Marehemu alikuwa hawezi kuona kitu bila kukiita kwa jina lake la maabara. Ugali kwake ulikuwa kabohaidreti, magadi ya kulainishia maharage yalikuwa kaboneti ya sodiamu, na soda ikifunguliwa karibu naye ilibidi wote tunyamaze tuisikilize hewa ukaa ikitoka. Mtu akila sumu, hospitali wakamnywesha unga wa mkaa, Kaboni alifika kitandani kuwaeleza ndugu jinsi vitundu vya ule mkaa vinavyoinasa sumu, mgonjwa mwenyewe akiwa bado anatapika. Mwenye duka la jumla pale sokoni, Alhaji mmoja mcheshi, alimchoka mapema kuliko sisi. Siku moja Kaboni aliagiza sukari kwa kutaja idadi ya kaboni, hidrojeni na oksijeni zilizomo. "Mwalimu wangu," akajibiwa, "mimi ninayo ya kilo na ya nusu kilo. Hiyo nyingine jaribu Arusha." Kaboni alicheka hadi akakalia gunia la mchele. Alikuwa mtu mwema, na hilo niliseme mapema, kwa sababu huko mbele unaweza kudhani nilimchukia.

Alipostaafu akawa mtoa mada. Serikali za vijiji, makanisa, vikundi vya akina mama, mpaka Wasso alikokwenda kwa basi la vumbi kutwa nzima, wote walimtaka. Mada yake kuu ilikuwa moja, na ilikuwa ya maana kwelikweli: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Anayeishi huku juu anaijua baridi ya Juni na Julai. Anajua pia kwamba kwetu mzazi hafunguliwi dirisha. Mwanamke akishajifungua, mama mkwe anaziba hata tundu la kitasa kwa kitambaa, na jiko linawekwa karibu na kitanda ili mama na kichanga wapate joto. Basi Kaboni alisimama mbele ya watu wenye majiko hayohayo akawaeleza jinsi kaboni monoksaidi (ndiyo sumu isiyoonekana ya mkaa unaowaka, ingawa hivyo hakusema) inavyoinyang'anya oksijeni nafasi kwenye himoglobini, ikazaliwa kaboksihimoglobini. Neno hilo alilitamka kwa mkupuo mmoja bila kumeza mate. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mzee mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Huyu kasoma." Hakuna aliyeuliza swali, nasi tukachukulia kwamba wameelewa.

Miongoni mwa waliopiga makofi siku ile walikuwa dereva mmoja wa magari ya watalii, jirani yangu, na mkewe ambaye mimba yake ilikuwa imekaribia. Haukupita muda mrefu mama akajifungua salama, akarudi nyumbani, chumba kikazibwa, jiko likaingia. Asubuhi mama mkwe alipogonga mlango hakujibiwa. Waliuvunja wakamkuta mzazi amelegea, ametapika, hajui aliko, na mtoto hana nguvu hata ya kulia. Tuliwakimbiza hospitali kwa lile gari la watalii. Kaboni naye akafika, kwa sababu alikuwa mtu wa kufika kila mahali. Muuguzi alipouliza kama chumbani kulikuwa na jiko, Kaboni alimgeukia dereva kwa uchungu. "Kijana wangu, si niliwaonya kuhusu monoksaidi?" Dereva alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulituonya, mwalimu, na mimi nikashika. Haijawahi kuingia kwangu hata siku moja. Kulikuwa na jiko tu la mkaa."

Mama na mtoto waliwekewa oksijeni wakapona. Aliyeumwa ni Kaboni. Alikaa kwenye benchi la hospitali akilirudia jibu la dereva. Kuanzia hapo aliacha istilahi zote. Baridi ilipoingia alianza kupita nyumba kwa nyumba, hasa penye mzazi, anabisha hodi na kuuliza, "Jiko limeshatoka?" Akiambiwa bado, anasimama mlangoni mpaka litoke. Mama wakwe walimjia juu. "Mwalimu, unataka mjukuu wangu afe kwa baridi?" Naye alijibu, "Mwongeze blanketi, mama. Blanketi haliui. Jiko nje."

Unadhani tulimshukuru? Semina zilimkimbia. Watu walisema amechoka, elimu imemtoka kichwani, mzee wa watu sasa anazurura kwenye milango ya wazazi. Mwenyekiti mmoja wa kijiji aliniambia, "Hata mimi naweza kusema toa jiko. Sasa tumwalike wa nini?" Nilimuuliza kama yeye amewahi kumwambia hivyo mtu yeyote, naye akaniuliza kama nitakunywa chai. Nafasi ya Kaboni ilichukuliwa na kijana mwenye kompyuta na projekta, ambaye maneno yake ni marefu zaidi na makofi yake pia. Mambo haya yaliniuma, na yeye yalimuuma zaidi. "Nilipokuwa sieleweki walinipa kiti cha mbele," aliniambia tukiwa tumesimama nje ya duka la Alhaji. "Sasa wananielewa, wakiniona wanavuka barabara." Hata hivyo aliaga haraka, maana alikuwa na mzazi wa kumtembelea njia ya kwenda Rhotia.

Msibani, wasifu wake ulisomwa na yule kijana wa projekta. Shule alizofundisha zilitajwa, semina zilitajwa, kaboksihimoglobini ilitajwa, na waombolezaji wakaguna kwa heshima. Kuhusu miaka yote ya kubisha hodi ilisemwa tu kwamba baadaye marehemu alipumzika kutokana na umri. Hapo mke wa dereva akasimama bila kuitwa. "Hakupumzika," alisema. "Alikuwa kwenye milango yetu. Mimi semina yake niliisikia nikapiga makofi, nikaenda nyumbani nusura nife na mwanangu. Mdogo wangu hakusikia semina yoyote. Alipojifungua, mwalimu alikuja akagombana na sisi mpaka jiko likatoka, na sisi tukamtukana akiondoka. Mdogo wangu yule pale, na mtoto wake mgongoni." Akakaa. Kisha mwongozaji wa shughuli alimshukuru dada yetu kwa salamu zake za rambirambi, akamrudishia kijana kipaza sauti amalizie wasifu.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, msomaji, na sioni sababu ya kuificha. Huku kwetu ukitaka heshima, sema watu wasikuelewe. Ukitaka waamke asubuhi, sema wakuelewe, na ukubali kuzikwa kama mtu aliyeishiwa. Kaboni alizijaribu njia zote mbili, na nadhani alikufa akijua ipi ilikuwa kazi yake. Baridi imeanza tena. Kama unaisoma safu hii chumbani, umefunga dirisha na jiko liko karibu na miguu yako, weka gazeti chini, utoe jiko nje.