Nilibonyeza "Futa"

Leo nimemfokea mkamwana wangu mbele ya majirani.

Picha za marehemu mke wangu, tulizohifadhi mtandaoni familia nzima, zilikuwa zimepotea. Nikasema kazipoteza yeye. Kijiji kizima cha Kigwa kinajua mimi sikosei.

Akatoa simu yake. Akafungua mahali panapoonyesha nani kaingia humo na kafanya nini.

"Baba, zimefutwa na simu yako."

Jamani, picha ni za zamani, nikaona zina vumbi. Chini pameandikwa "Futa". Basi nikafuta, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyofuta kioo.

Picha kazirudisha zote.

Ila jioni kapita mbele yangu na ndoo. Shikamoo yake ndiyo haijarudi.

Nyie mnaojua kuomba radhi, huwa mnaanzaje? Mimi sijawahi.