Majina Meupe Mwisho wa Sinema

Mimi nazipenda sinema za mashujaa wanaoruka, na sioni aibu. Wenzangu tunaouza nao mitumba hapa Tunduma wananicheka: mama mzima wa watoto watatu, Jumapili mchana umekaa unatazama watu waliovaa nguo za kubana wakitwangana angani! Nawaambia kila mtu na ulevi wake. Zile za zamani nilizielewa. Adui yuko huku, staringi yuko huku, na staringi hafi. Za siku hizi zina dunia nyingi, na mtu anaweza kukutana na yeye mwenyewe aliyetoka dunia nyingine, ana ndevu. Hapo huwa nimeshapotea, lakini siondoki kwenye kochi.

Mwaka huu nilipata mwenzangu wa kutazama naye, baba yangu. Baba ni mkulima wa kahawa Ihanda na msomaji wa Neno kanisani tangu sijazaliwa. Mtoto wa jicho alimla pole pole, naye akanyamaza. Jumapili baada ya Jumapili alisimama mbele na kusoma zaburi kwa kichwa, sisi tunajua anasoma. Siku aliyokishika kitabu juu chini ndipo tulipogundua. Jicho moja daktari alisema limeshakwisha. La pili akalipasua, akasema tungoje: asiiname, asibebe kitu, awekewe dawa ya matone. Nikamchukua akae kwangu, maana Ihanda kahawa ilikuwa imeiva na yule mzee namjua.

Kila asubuhi nilimwamkia, kisha nikamuuliza, "Baba, unaonaje?"

"Mungu ni mwema."

"Najua ni mwema, baba. Unaona?"

"Naona, naona."

Anaona nini, na kikombe cha chai anakitafuta kwa kupapasa? Biblia niliyomwekea mezani hakuigusa. Nilikuwa na hofu, nisidanganye, na hofu kwangu hutoka kama hasira. Nilimfokea dada wa kazi, nikamfokea mteja, nikafokea hata kuku wa jirani. Baba bila kusoma ningemweka wapi? Angekaa tu, akingoja kufa.

Jumapili moja tumetoka kanisani, tumekula, nikachomeka flashi yangu kwenye runinga. Sinema ya kutafsiriwa, ile ya dijei anayeongea juu ya maneno yao. Baba akakaa karibu na kioo, mikono magotini, akisikiliza. Anga likapasuka, vyombo vya ajabu vikashuka, ghorofa zikaanza kulala moja baada ya nyingine. Mimi nashangilia. Baba yeye alikuwa na maswali yake.

"Huyu anayeruka, tangu asubuhi amekula nini?"

"Hawali, baba. Ana nguvu za ajabu."

"Hakuna nguvu za hivyo. Na hizi nyumba anazovunja, zina watu?"

"Zitakuwa na watu."

"Sasa kwa nini asimvutie adui porini, wakapigane huko? Hana adabu huyu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini jamani, si kweli? Miaka yote natazama sinema hizi sijawahi kuuliza habari za waliokuwa ndani ya zile ghorofa. Staringi akishinda, nami nimeshinda, basi.

Ikaisha. Majina meupe yakaanza kupanda kwenye kioo cheusi. Sikuzima, kwa sababu sinema za mashujaa huficha kipande kidogo baada ya majina, na sisi wazoefu tunakingoja. Nikainuka kutoa sahani. Nyuma yangu nikasikia kiti kikiburuzwa. Baba alikuwa amesimama wima, kofia ameivua, ameishika kifuani.

"Wote hawa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wote hawa nini, baba?"

"Wamekufa wote hawa?"

Kwetu kanisani kuna Jumapili ya kuwataja waliofariki mwaka ule. Majina yanasomwa moja moja, na hakuna anayekaa. Kicheko kilishanifika kooni. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba hao ni mafundi wa taa, wapiga picha na washona nguo, wazima wako kwao wanakula. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kusoma, kwa ile sauti yake ya mimbarani, majina ya kigeni akiyatamka kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi. Na herufi zenyewe ndogo kama sisimizi! Mimi mwenye macho yangu mawili huzikunjia uso.

Sahani nikaziweka chini.

"Baba," nikasema. "Baba, unasoma!"

"Nyamaza, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Wanapita haraka, tutawaruka wengine."