Beseni Moja la Kunawia

Nakumbuka siku hiyo, mwanangu, hadi leo naona kama ni jana. Nilikuwa na miaka kumi na minane, posa yangu imepokelewa, na Mjomba Gaudensi, kaka yake mama, alikuwa anapanda kutoka Muze, kule bondeni, kuja kupanga siku ya harusi. Niliamka alfajiri. Nilifagia uwanja mara tatu, nikachungulia njia mpaka shingo ikauma.

Huko bondeni wakati huo kulikuwa na kipindupindu. Sisi wa huku juu kwenye baridi tulijiona salama, kana kwamba ugonjwa hauna miguu ya kupanda mlima. Bibi yangu peke yake ndiye aliyekuwa na mashaka. Aliniambia, "Leo maji yachemshwe, na watu wanawishwe kwa kumiminiwa. Kila mtu na maji yake."

Nikaitikia. Lakini mto ulikuwa mbali, nami nilitaka kukaa karibu nisikie habari za harusi yangu. Nikaweka beseni moja katikati, kama tulivyozoea: mkubwa ananawa kwanza, wengine wanafuatia katika maji yaleyale. Usinicheke, zipo nyumba zinazofanya hivyo hata leo.

Mjomba alipotokea na mzigo wake wa samaki wakavu, nilimkimbilia nikampa mkono, kama nilivyoona kwa vijana wa mjini. Bibi alichuchumaa kando, akapiga makofi taratibu, salamu yetu Wafipa. Nikamwonea haya, nikaona ni ushamba. Mjomba alikuwa amesawajika. Alisema, "Tumbo limenisumbua njiani, ila sasa limetulia," nasi tukalipita neno hilo. Nani angemuuliza mgeni mheshimiwa habari za choo?

Mjomba akanawa, mama akafuatia, wakala ugali wa ulezi katika sahani moja. Bibi alikuwa bado jikoni, na baba hajarudi kutoka shamba. Mimi furaha ilinijaa hata tonge halikupita. Harusi ikapangwa baada ya mavuno, nami nikatoka nje nikacheza peke yangu.

Kesho yake mchana mama alianza kuharisha na kutapika. Kabla jua halijazama, macho yake yalikuwa yameingia ndani na sauti imekauka. Tulimpakia kwenye baiskeli, baba anasukuma, mimi nakimbia pembeni nimemshika asianguke, nikimwita mama, mama, naye haitiki. Sijawahi kuogopa vile tena maishani. Zahanati wakamtundikia dripu, na Mjomba, aliyetufuata nyuma, naye tumbo likamrudia akalazwa chumba cha pili. Hapo ndipo alipokiri kwamba aliharisha siku mbili kabla ya safari.

Bibi hakunipigia kelele. Alinitazama, akasema, "Ulitaka kuwahi harusi. Nusura uwahi msiba."

Nililia mpaka nikaishiwa machozi. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, nami nilimpata mapema. Siku ya tatu mama alifumbua macho akaomba uji. Niliruka, nikakimbilia kunawa kwa maji ya kumimina na sabuni kabla ya kumlisha, mpaka muuguzi akacheka.

Basi korona ilipokuja, tukaambiwa tusishikane mikono, mimi nilifurahi waziwazi. Nikawa napiga makofi mlangoni kama bibi, na hata vijana wa mtaa wa Majengo walioniona wa zamani wakaanza kuniiga.

Mwanangu, maradhi haya yanakuja, yanapungua, yanarudi. Usijifungie ndani ukaacha kuishi. Nenda Namanyere sokoni, cheza ngoma, oa. Ila ukikohoa au tumbo likikuharibikia, sema mapema na usogee kando, kwa maana mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgeni muulize hali yake bila haya, huko ndiko kumheshimu. Fungua madirisha hata kama baridi yetu inauma. Chanjo ikiletwa, nenda. Na usiipime hatari kwa nguvu za mwili wako. Mimi nilikuwa mzima kama chuma, na aliyelala kwenye dripu alikuwa mama.

Mama yangu aliiona harusi yangu, alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mungu akulinde uendako na urudiko, ayabariki maji ya mikono yako, na mama yako naye aione harusi yako.