Mwembamba wa Kambini

Tokomune alikuwa msusi wa nywele katika kambi ya sumo, mieleka ya Kijapani, huko Ryogoku, na kwa miaka thelathini na tisa hakuna aliyemwona akinenepa. Katikati ya wanaume wa kilo mia na hamsini alipita kama ng'onda, na daktari hana neno na ng'onda. Kila mwaka siku ya kupimwa afya, muuguzi alimzungushia utepe kiunoni, akasoma sentimita sabini na nne, akamwambia apite. Naye alipita. Mambo ya kutoa damu aliwaachia wanene.

Mwaka huu vidole vilikufa ganzi. Msusi wa sumo hula kwa vidole vyake: hukaza kamba ya karatasi kwenye shina la kishungi, lile fundo la nywele la utosini, ncha moja kaiuma kwa meno, na vidole ndivyo humwambia pa kuishia. Vyake viliacha kumwambia. Mara mbili wiki ile kishungi cha Hayatsubaki, mpiganaji mkubwa wa kambi, kililegea mazoezini. Mara ya tatu alikaza kupita kiasi.

"Mzee, unanisuka au unaninyonga?"

"Tulia."

"Nitulie vipi, na nyusi zimefika utosini?"

Mashindano yalibakiza siku nane, na kishungi kipana wanachoingia nacho wakubwa ulingoni hakifungwi kwa kubahatisha. Msusi asiyeweza kukifunga hurudishwa kwao. Tokomune hakuwa na kwao kwingine.

Siku ya vipimo alishapita kwenye utepe na kuanza kuvaa viatu, Hayatsubaki akasema nyuma yake, "Mzee anaogopa sindano. Nani amshike mkono?" Wakacheka. Tokomune akarudi kukaa, akatoa mkono, si kwa ujasiri, ila kubishana kulimchosha kuliko sindano.

Majibu yalipotoka, daktari alimwita jikoni. Hayatsubaki naye akaja na karatasi yake, apate kujigamba.

"Huyu kilo mia sabini na mbili, sukari yake iko sawa," daktari alisema. "Usichekelee, bwana. Siku ukiacha mazoezi ukaendelea na mabakuli yale, tutaonana. Lakini wewe, Tokomune, kilo hamsini na sita, una kisukari cha siku nyingi. Unakula nini?"

Akaeleza. Wapiganaji wakubwa huoga kwanza, husukwa kwanza, huenda kwenye chungu cha pamoja kwanza. Wao wakila samaki, kabichi na tofu ya soya, yeye bado anasuka vichwa vya wadogo. Akifika, chungu kimebaki maji. Huyamwaga juu ya wali mweupe, mabakuli matatu. Halafu, ili miguu isimame mpaka jioni, kahawa tamu za kopo, tano au sita, na mikate ya maharage matamu ya duka la pembeni.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja." Akavitazama vidole. "Vitarudi?"

"Sikudanganyi. Pengine kidogo. Pengine visizidi kufa tu. Dawa nitakupa, ila dawa haiwezi kula kwa niaba yako."

Kula mapema maana yake kuketi na wakubwa, mahali ambapo msusi haketi. Usiku ule alipanga maneno ya kumwomba bwana wa kambi, akachoka kabla hayajafika mwisho.

Kesho yake, alipomaliza kichwa cha Hayatsubaki, aliweka kitana chini, akawapita wadogo kumi na mmoja wenye nywele mbichi, akaketi kwenye chungu. Mwenye upawa akasita. Mke wa bwana wa kambi, ambaye wote walimwita Mama, akainua macho.

"Tokomune, wenzako wanasubiri."

"Wasubiri, Mama. Nisipokula sasa, kesho hawatakuwa na wa kuwasuka."

Kisha Hayatsubaki akasogea, jambo lililochukua muda, akamsukumia bakuli: samaki, figili, kabichi. Tokomune alikula taratibu, bila raha yoyote, kama mtu anayemaliza zamu.

Aliporudi kwa wadogo, alishika kichwa cha kwanza, akauma kamba, akavuta. Vidole kimya.

"Niambie ikibana," alisema. Hakuwahi kumwomba mtu hivyo.

"Bado, mzee."

Akavuta tena.

"Hapo."