Mkono Umeshaposwa

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Doha, mwanangu, nikiwa kijana kama wewe, nimebakiza wiki moja tu nikajaribiwe na kocha wa chuo kimoja cha ng'ambo. Nilikuwa mrushaji wa besiboli. Mkono ulikuwa moto kwelikweli. Sijisifu... haya, najisifu kidogo.

Shida ilikuwa Ijumaa yenyewe. Sisi wageni tuliokuja kutafuta riziki, wengi wetu tuna siku hiyo moja tu ya kupumzika, basi kila timu hucheza siku hiyo. Tukishatoka ibadani, kule kwenye makanisa ya Mesaimeer, mchana Wafilipino wananitaka, alasiri Waganda wa Industrial Area, kule kwenye viwanda, jioni timu ya Mzee Mwakio, kiongozi wa kanisa letu. Nimkatae nani? Mzee anayekuombea kila wiki akikuambia, "Kijana, tusaidie kidogo tu," utafungua mdomo useme nini? Nikawa narusha kutwa nzima, kisha nashindwa kulala kwa maumivu ya bega.

Shangazi Wakesho, muuguzi niliyekaa naye kule Al Wukair, alikuwa ameniona nikishika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Jioni ile alikuja na sare zake za kazi, akaingia uwanjani mchezo ukiendelea, akaninyang'anya mpira.

"Mkono huu umeshaposwa!" akapaza sauti. "Anayeutaka aje kwangu na wazee wake!"

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nilidhani ni mzaha tu. Kumbe katikati ya wiki Mzee Mwakio akabisha hodi, amevaa koti, nyuma yake wazee wawili wamebeba sukari na majani ya chai. Shangazi kakunja uso, kakaa kwenye kochi kama baba wa bibi harusi.

"Mnamtaka lini?"

"Ijumaa, mama. Ni fainali."

"Na Jumamosi anajaribiwa. Mkono hapana. Chukueni miguu, awakimbilie. Na mdomo nawapa, awashangilie."

Mzee akawageukia wenzake. Nikajua leo nimelaaniwa. Mara akaangua kicheko: "Tumeshindwa, mama. Tupe basi hiyo miguu, na chai."

Fainali tulichapwa vibaya. Lakini Jumamosi, nilipoinua mkono mbele ya yule kocha, aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Mzee Mwakio: "Huyo ni wetu! Huyo ni wetu!" Nikarusha huku nacheka, bega halina maumivu hata chembe. Nafasi nikaipata. Nilifurahi, jamani, sikuwahi kufurahi vile.

Sasa sikiliza, mwanangu. Jana nimekuona unasugua bega ukidhani hakuna anayekutazama. Na nimesikia umeahidi timu tatu, ilhali chuo kinakungoja. Kuwakatalia wakubwa ni kugumu, najua, na sitaki ukose adabu. Ndiyo maana nakuambia, mweke mtu mmoja anayekupenda, timu zote zipitie kwake. Yeye apange lini unarusha na lini unapumzika, na akisema leo hapana, wewe tii. Watanuna siku mbili, kisha watakuja kukushangilia.

Mungu aulinde mkono huo, akupandishe ndege ukiwa mzima na mwenye furaha. Haya, nipe hiyo simu yako, niwapigie mimi. Tunaanza na kocha gani kati ya hao watatu?