Orodha Iliyosomwa Mara Tatu

Paskazia alipopata kazi ya kusimamia jaribio la kumbukumbu kule Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, aliapa moyoni kwamba hatakosea. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza chuo. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: kuwasomea wanawake maneno kumi na mawili, mara moja tu, kwa mwendo uleule, kisha kuandika waliyoyakumbuka. Nusu yao walichoma dhahabu kwa zebaki. Nusu walikuwa wakulima wa Buseresere. Wachomaji wakionekana kusahau zaidi, mfadhili wa jaribio angeleta mitungi ya kunasa moshi wa zebaki wenye sumu.

"Usitake kujua nani mchomaji," Dokta Nuruddin, mtafiti mkuu, alimwonya. "Ukijua, utawapendelea bila kukusudia."

Lakini nani huketi kupimwa kabla ya kusalimiwa? Na salamu za huko huulizia hata kazi.

Siku ya pili alikuja Mama Ngassa, mikono ikimtetemeka.

"Shikamoo, mayu," Paskazia alimwita mama kwa Kisukuma. "Habari za kazi?"

"Marahaba. Moshi tu, mwanangu. Haya nipime, ila usinifelishe mbele ya hawa wenzangu. Watanicheka mpaka kisimani!"

Alikumbuka maneno mawili. Paskazia aliona haya kumwacha mtu wa rika la mama yake aumbuke. Akamsomea tena, polepole. Mara ya tatu akasoma kwa Kisukuma. Mama Ngassa akayataja yote, wenzake wakapiga vigelegele. Baada ya hapo angewezaje kuwanyima wachomaji wengine? Wakulima, wengi wao wasichana wa umri wake, aliwasomea mara moja.

Matokeo yakatoka: makundi yote mawili sawa. Mfadhili akajitoa.

Paskazia alipokiri kwamba wachomaji aliwasomea mara tatu, Dokta Nuruddin alilifunga daftari la matokeo. "Ungewaacha washindwe," alisema, "wangesaidiwa." Takwimu zikatupwa, na fedha za kurudia jaribio hazikuwepo.

Alirudi Rwamgasa kueleza mwenyewe. Alimkuta Mama Ngassa akipuliza mkaa chini ya kibati cha kuchomea dhahabu.

"Mayu, mitungi haiji. Kosa ni langu. Nilikusomea mara tatu."

"Kosa gani? Niliyataja yote kumi na mawili! Bisha!"

"Uliyataja, mayu."

"Basi!" Mama Ngassa alicheka, kisha akamkazia macho. "Hivi wewe ni binti wa nani vile?"

Paskazia akajitambulisha. Kabla kibati hakijapoa, aliulizwa tena swali lilelile.