Mama mkwe anasema nilimuua mtoto kwa kumhesabu

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka ishirini na tatu na shule niliachia darasa la nane. Naishi Njiru na mume wangu, anachomelea milango ya chuma, pamoja na msichana wetu mdogo.

Mwaka huu kulianzishwa darasa la bure la kompyuta kanisani kule mtaa wa Tena. Nilikuwa naenda na kijana wangu mgongoni, alikuwa na miezi saba. Siku moja mwalimu akasema tuandike orodha ya watoto wa ukoo wetu, halafu tuulize kompyuta wako wangapi. Nikaandika wajukuu wa mama mkwe, nyumba tatu, kila nyumba na orodha yake. Shemeji mkubwa ana wake wawili, kwa hivyo kwake kukawa na orodha ndani ya orodha. Nikauliza. Kompyuta ikasema watatu.

"Mwalimu, hii imeharibika! Wangu peke yangu ni wawili."

Akacheka. "Mama, umehesabu milango ya ploti ya wapangaji, na watu wako ndani. Fungua kila mlango. Ukikuta mlango mwingine, fungua pia. Ukikuta mtoto, ndio uongeze moja."

Nilihangaika na hiyo programu wiki nzima. Iliposema kumi na mmoja nililia kwa furaha, maana sijawahi kuweza kitu kigumu hivyo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini kwao Magharibi. Nikamwambia, "Mama, wajukuu wako ni kumi na mmoja, kompyuta imesema."

Akaweka kikombe chini. "Nani alikutuma? Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukiulizwa una wangapi unasema wapo. Tunahesabu ng'ombe!"

Mume wangu akamcheka, "Mathe, hizo ni za kitambo."

Mvua ilipoanza mtoto akashikwa na nimonia. Tulilazwa naye, na nikarudi nyumbani na shuka yake tu. Kwa mazishi mama mkwe akasema mbele ya watu wote, "Muulizeni aliyemhesabu." Mume wangu, yule aliyecheka, aliangalia chini.

Tafadhali msimtukane mama. Yeye mwenyewe amezika wawili. Daktari alinieleza ni mapafu, na ninamwamini, lakini nikishika zile nguo ndogo najiuliza tena.

Sasa mwalimu amepiga simu. Kuna mafunzo ambayo ukimaliza wanakutafutia kazi, ameniwekea nafasi, nifike Jumatatu na ile programu yangu. Nikamwambia mume wangu, "Baba, ni masomo tu." Akajibu, "Masomo ndiyo yametufikisha hapa. Ukienda, beba na nguo zako."

Jana nilifungua ile orodha niliyohifadhi kwa simu nitoe jina la mtoto, labda mume wangu na mama watulie roho. Mkono ulikataa.

Nampenda mume wangu, na nafasi kama hii sidhani itarudi. Nyinyi mliozika mkaendelea kuishi, nishikeni mkono: Jumatatu niende, ama nikae?